Kukarabati jengo la kihistoria la chuo ili lifanye kazi ya leo, hatua kwa hatua

Karibu kila chuo cha zamani kina jengo moja ambalo ndo sura ya chuo, lile linalowekwa kwenye kalenda na vipeperushi, kuta nene, madirisha marefu, ngazi zimelika katikati kwa miguu ya wanafunzi wa miaka na miaka. Na mara nyingi ndo hilo hilo linalovuja, soketi mbili chumba kizima, wifi haipiti, mwanafunzi wa kiti mwendo anaishia mlangoni, na kila kikao cha bajeti kuna mtu anasema tulibomoe tu tujenge ghorofa jipya. Mimi nasema tusilibomoe, na hapa naandika namna ya kufanya kwa yeyote aliyekabidhiwa hiyo kazi, uwe msimamizi wa majengo, mjumbe wa kamati, injinia, mwanafunzi wa usanifu au fundi aliyeitwa kupiga hesabu.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: jengo lenyewe ndo linachagua kazi ya kufanya. Ukilipa kazi inayoendana na mwili wake gharama zinashuka na jengo linabaki kuwa lile watu walilolipenda. Ukianza na orodha ya matakwa ya idara afu ukalilazimisha jengo liyameze yote, utabomoa nusu yake na ile nusu iliyobaki haitakufaa. Hatua zote hapa chini zinatoka hapo.

Hatua ya 1: lisome kabla hujaligusa

Anza na makaratasi. Tafuta michoro ya kwanza, mafaili ya matengenezo, kumbukumbu za vikao, na hasa picha za mahafali. Watu wanasahau hizi picha lakini ni hazina, maana wahitimu karibu kila mwaka wanapangwa mbele ya jengo hilo hilo, kwa hiyo ukizipanga kwa miaka unaona lini veranda ilizibwa, lini madirisha yalibadilishwa, paa lilikuwa la vigae au bati, na usawa wa ardhi ulikuwa ngazi ngapi chini ya mlango. Hilo la ardhi litakusaidia sana hatua inayofuata.

Baada ya hapo pima jengo lote upya. Michoro ya zamani inaonyesha kilichokusudiwa, na kilichojengwa mara nyingi ni tofauti. Skana ya leza inafanya kazi haraka na inakuonyesha hata ukuta ulioinama kidogo, ila kama hela haipo basi tepu, timazi na uvumilivu vinatosha. Piga picha kila chumba, kuta zote nne, dari na sakafu, na uzipe namba za vyumba siku hiyo hiyo.

Mapema kabisa uliza kama jengo limesajiliwa kisheria kama urithi, maana likiwa limesajiliwa kuna vibali, na kwenda kwa mamlaka ya hifadhi ukiwa na michoro iliyokamilika ni kutafuta ugomvi. Nenda ukiwa na maswali, wakati dizaini bado laini. Kuna misingi inayotumika duniani kote, Mkataba wa Venice wa 1964 na ule wa Burra uliopitishwa Australia 1979, na ukiisoma yote inakuelekeza kwenye mambo yale yale: gusa kidogo kadiri inavyowezekana, kipya kitambulike kuwa kipya, na unachoongeza kiweze kuondolewa baadae bila kuliumiza jengo.

Afu fungua matundu madogo ya uchunguzi. Toa ubao mmoja wa sakafu, kata kipande cha dari sehemu iliyofichika, ingiza kamera nyembamba ndani ya ukuta unaolia utupu. Usiposhika hii hatua utakutana na mambo mkandarasi akiwa tayari saiti na kila siku inahesabiwa. Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, kwenye ukarabati wa Rotunda, lile jengo lenye kuba lililosanifiwa na Thomas Jefferson, mwaka 2015 ilitangazwa kwamba ndani ya ukuta kumepatikana meko ya maabara ya kemia ya karne ya 19, ilikuwa imezibwa na kwa sababu ilizibwa ikanusurika hata moto mkubwa wa 1895. Kitu kama hicho ni baraka lakini kinasimamisha kazi, kwa hiyo mkataba useme kabisa kikipatikana kitu nani anaitwa, kazi inasimama muda gani na nani analipa huo muda.

Hatua ya 2: fuata maji

Kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu mwaka huu, fanya hiki. Majengo ya zamani yanauawa na maji kuliko kitu kingine chochote, na maji hayo mara nyingi yanaanzia kwenye kitu kidogo kama mfereji wa paa ulioziba majani.

Ingia saiti mvua ikinyesha. Beba tochi panda darini, angalia pale paa linapokutana na ukuta, pale paa mbili zinapokutana na kutengeneza bonde, na kuzunguka mabomba ya moshi ya zamani. Ukitoka nje tazama maji ya paa yanaishia wapi. Kama bomba la kuteremsha maji limetoboka nyuma, upande unaotazama ukuta, huwezi kuliona wakati wa kiangazi, lakini utaona ukuta una mstari wa kijani na chumvi nyeupe. Na ile ishu ya ardhi: kwenye vyuo kila muongo watu wanaongeza tabaka la lami au vitofali vya njia juu ya lililokuwepo, mpaka ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na ukuta unakunywa maji mwaka mzima. Kushusha ardhi ya nje na kuweka mtaro wa kokoto kando ya msingi ni kazi ya majembe tu na inaponya kuta kuliko dawa yoyote ya kwenye kopo.

Sasa hapa ndo pa kwenda taratibu: vichwa vya boriti. Boriti ya mbao katikati ya chumba inaweza kuwa ngumu kama siku ilipowekwa, ila ile sehemu iliyozama ndani ya ukuta wa nje, chini ya mfereji uliovuja, hiyo ndo inaoza, na kwa macho huioni. Chukua bisibisi nyembamba, toa plasta kidogo pale boriti inapoingia ukutani, kandamiza. Mbao nzima inakataa, bisibisi inaishia milimita moja mbili. Mbao iliyooza inaipokea kama mkate na ukiivuta inatoka na unga wa kahawia. Tumia na kipima unyevu, ukikuta zaidi ya asilimia 20 jua hapo fangasi wana makazi au wako njiani, na mchwa nao wanapenda hapo hapo. Pima kila boriti, weka alama kwenye mchoro, utaona zilizooza zinajipanga chini ya sehemu zile zile za paa zinazovuja. Habari njema ni kwamba mara nyingi huhitaji kuitoa boriti nzima, unakata kichwa kilichooza na kuunga kipande kipya cha mbao au sahani za chuma, seremala mzuri anaijua hiyo kazi.

Tengeneza paa, mifereji na ardhi kwanza, afu subiri. Ukuta mnene haukauki wiki moja, makadirio ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo ukuta wa nusu mita unaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Hii ndo sababu kazi ya paa inatakiwa itangulie mbali kabla ya mradi mkubwa. Ukipaka rangi nzuri juu ya ukuta mbichi itabanduka kabla hata wageni wa uzinduzi hawajasahau hotuba.

Hatua ya 3: safisha sumu zilizofichwa

Zipo za kawaida na zipo za vyuo peke yake. Za kawaida ni asbesto kwenye bati za zamani, vigae vya sakafu, dari na vile vitambaa vilivyofungwa kwenye mabomba ya mvuke, afu rangi yenye madini ya risasi, nyaya za umeme zilizovikwa mpira au kitambaa ambacho sasa kinapukutika ukikigusa, na kinyesi cha popo na njiwa darini. Asbesto haiguswi na fundi wa kawaida, inachukuliwa sampuli, inapimwa, inatolewa na watu wenye leseni. Rangi ya risasi usiipige msasa mkavu wala usiichome kwa moto, vumbi na moshi wake ndo vinavyodhuru.

Za vyuo ni hizi: kama jengo liliwahi kuwa na maabara ya fizikia au kemia, tafuta zebaki. Vipima joto na vipima hewa vilivyovunjika miaka yote hiyo viliacha matone yaliyoingia kwenye nyufa za mbao za sakafu na kwenye mikunjo ya mabomba chini ya masinki, na hayo matone bado yanatoa mvuke. Kama kulikuwa na makabati ya kufyonza gesi na walitumia asidi ya pakloriki, ndani ya ile mifereji ya hewa inaweza kuganda chumvi inayolipuka ikigongwa, hapo hakuna mtu kushika nyundo mpaka mtaalamu apime. Na kama kulikuwa na makumbusho ya wanyama waliokaushwa au mimea, zamani walihifadhiwa kwa aseniki. Kwa hiyo waulize wastaafu wa chuo kila chumba kilikuwa cha nini, hakuna faili linalojua hayo kama wao.

Hatua ya 4: lipe kazi inayolifaa

Chukua mchoro wa jengo na penseli za rangi tatu. Rangi ya kwanza ni vyumba vya heshima, ukumbi mkubwa, ngazi kuu, maktaba ya mbao, lango. Ya pili ni vyumba vya kawaida vyenye sura nzuri lakini vinafanana fanana. Ya tatu ni vya nyuma, stoo, vyoo vya zamani, nyongeza zilizobandikwa baadae. Vyoo vipya, lifti, chumba cha umeme, mitambo ya hewa, vyote vinakwenda rangi ya tatu, ikishindikana ya pili, na rangi ya kwanza unaitengeneza tu na kuiwasha taa.

Afu uzito. Sakafu ya darasa kwa kawaida inahesabiwa ibebe kama kilo 200 kwa mita ya mraba, chumba cha rafu za vitabu kinahesabiwa zaidi ya kilo 700. Kwa hiyo idara ikisema inataka hifadhi ya nyaraka ghorofa ya pili kwenye sakafu ya mbao, mpe injinia ahesabu kabla hujasema ndiyo, na mara nyingi jibu ni kuzipeleka chini kwenye sakafu iliyokaa juu ya ardhi.

Kwa uzoefu wa majengo ya aina hii yanafaa sana semina, vyumba vya kusomea, ofisi za walimu, udahili, maonyesho, muziki, mijadala. Hayapendi maabara za maji na kemikali, vyumba vya seva vyenye joto, majiko makubwa. Sio kwamba haiwezekani, ila hizo kazi zinataka mabomba mengi na hewa nyingi ya kusukumwa, na kila bomba ni tundu kwenye ukuta ulioutunza. Kama idara imeshikilia maabara, bora ijengewe banda jipya la heshima nyuma, liunganishwe kwa korido nyepesi ya kioo, na jengo la zamani lichukue walimu na wanafunzi wao wanaoandika tasnifu.

Kwenye maeneo ya matetemeko hii hatua inakwenda pamoja na kuimarisha jengo, maana kuta za matofali au mawe zisizo na chuma ndani zinaanguka vibaya. Njia ya kawaida ni kuzifunga kuta na sakafu na paa pamoja kwa vyuma ili vitikisike kama kitu kimoja. Ipo na njia ya gharama kubwa, ya kulikata jengo kwenye msingi na kulikalisha juu ya mito minene ya mpira, kama walivyofanya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kwa jengo la Hearst Memorial Mining Building la 1907, kazi iliisha 2002 na ukiingia ndani huoni hata kama limeguswa.

Hatua ya 5: pitisha nyaya, mabomba na hewa kwa njia zilizopo

Wajenzi wa zamani walikuachia njia bila kujua. Mabomba ya moshi ya majiko yaliyokufa ni mashimo wima kutoka chini mpaka paani, ndani yake unapitisha nyaya za mtandao na mabomba ya hewa bila kutoboa sakafu hata moja. Vile vishimo vya zamani vya kupumulia hewa, nafasi chini ya mbao za sakafu, nafasi nyuma ya ubao wa chini ya ukuta, vyote vinapita waya. Ukitoa mbao za sakafu zipe namba upande wa chini, kwa chaki haifai inafutika, tumia penseli ya seremala, na zirudi zilipotoka maana kila ubao umeshazoea jirani yake.

Kitu ambacho naomba sana kisifanywe ni ile dari ya chini ya vipande vya jipsamu inayoning'inizwa korido nzima kuficha mabomba ya AC. Inakata vichwa vya madirisha, inafunika nakshi, inaua ule urefu wa chumba ambao ndo ulikuwa unapoza hewa. Dari ndefu, dirisha dogo juu ya mlango na madirisha pande mbili vilikuwa mfumo wa upepo, hewa ya moto inapanda, inatoka juu, ya baridi inaingia chini. Mara nyingi yale madirisha ya juu ya milango yamepigwa rangi mpaka yamegandamana, yakate rangi kwa kisu, paka mafuta bawaba, jaribu mfumo wa zamani kwanza kabla ya kununua mashine. Pale AC inapohitajika kweli, weka vifaa vidogo chumba kwa chumba, mabomba yake yaonekane yamepangwa vizuri kwenye kona, bomba linaloonekana ni afadhali kuliko nakshi iliyofukiwa.

Wifi: ukuta wa jiwe wa nusu mita unaimeza, usipoteze muda na kifaa kimoja chenye nguvu kwenye korido, weka kimoja kila chumba kikubwa na kila kimoja kiwe na waya wake. Soketi ziweke nyingi kuliko unavyodhani, kwenye sakafu chini ya meza au kwenye fanicha zenyewe, ili kuta zisichimbwe mifereji. Na sauti usiisahau, vyumba hivi vinarudisha mwangwi. Lengo linalotumika kwa madarasa madogo na ya kati ni sauti kufifia ndani ya sekunde 0.6 mpaka 0.7, ukumbi wa plasta na sakafu ya mawe unaweza kuvuka mara kadhaa ya hapo, na mwanafunzi wa nyuma anasikia mvumo tu. Mazulia, mapazia mazito, paneli za kitambaa zilizotundikwa kama picha, vinashusha sana na vyote vinaondoleka.

Hatua ya 6: moto, kabla na wakati wa kazi

Hapa naomba usome kwa utulivu. Jengo la Mackintosh la shule ya sanaa ya Glasgow liliungua Mei 2014, moto ulianzia chini ukapanda kwa kasi kupitia mifereji ya zamani ya hewa. Likawa linakarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, na Juni 2018, kazi ikiendelea, likaungua tena vibaya zaidi, na wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo. Makerere jengo kuu la 1941 liliungua Septemba 2020, likajengwa upya na kufunguliwa 2024 likiwa na sura ile ile ya nje. Na Cape Town, Aprili 2021, moto wa mlimani ulifika maktaba ya Jagger ya chuo kikuu, chumba cha kusomea kiliteketea chote, ila milango ya kuzuia moto ilijifunga na makusanyo mengi yaliyokuwa sehemu nyingine yakapona na moto, mengine yakabidi yatolewe haraka yasiharibiwe na maji ya kuzimia moto.

Yanayotoka humo ni haya. Zile njia za siri ulizopitishia nyaya hatua ya 5 ndo njia za moshi, kwa hiyo kila zinapokata sakafu au ukuta zizibwe kwa vifaa vya kuzuia moto, siku hiyo hiyo waya unapopita, usiache mpaka mwisho. Gawa jengo vyumba vyumba kwa milango inayojifunga. Milango ya zamani ya mbao nzito mara nyingi inaweza kuboreshwa kwa kuwekewa ukanda unaovimba ukipata joto na kifaa cha kujifunga, bila kuibadilisha. Spinkla, yale mabomba ya darini yanayomwaga maji yenyewe moto ukitokea, zinatisha wahifadhi kwa sababu ya maji, ila kichwa kimoja cha spinkla kinamwaga maji kidogo sana ukilinganisha na mpira wa zimamoto, na darini pasipo na mtu ndo panahitaji zaidi.

Wakati wa kazi weka vitambua moshi vya muda toka siku ya kwanza. Kuchomelea, kukata kwa grainda, kuyeyusha lami ya paa, vyote vinahitaji kibali cha siku, kizimia moto pembeni, na mtu wa kubaki kuangalia baada ya kazi kuisha, angalau saa nzima, maana cheche iliyoingia kwenye vumbi la mbao inafuka kimya kimya kabla haijawaka. Mimi ningepanga kabisa kazi za moto ziishe mchana, jioni saiti iwe imepoa. Bora zaidi ni kukata na kuchomelea nje na kuleta vipande vikiwa tayari.

Hatua ya 7: mlango mmoja kwa wote

Ukiweka rampu nyuma kwenye mlango wa takataka umemwambia mtu wa kiti mwendo kwamba chuo sio chake. Pambana apite mlango mkuu. Rampu ya kawaida ni 1 kwa 12, yani ngazi zenye kimo cha sentimita 60 zinahitaji mita 7.2 za rampu bila kuhesabu pa kupumzikia. Mara nyingi ufumbuzi mzuri zaidi ni kuinua bustani yenyewe taratibu kwa mteremko wa 1 kwa 20, watu wote wanatembea humo humo na hakuna anayeona kama kuna rampu, ila iwe mbali na ukuta na maji yake yaelekee nje, usije ukaurudisha ule unyevu ulioufukuza. Mlango ubaki na uwazi wa angalau milimita 815, milango miwili myembamba ya zamani unaweza kuifungia kifaa cha umeme ifunguke yote pamoja. Ndani kiti kinahitaji duara la mita moja na nusu kugeuka. Lifti iweke pale palipokuwa na vyoo au stoo zilizopangana juu kwa chini, au kwenye nyongeza mpya ya nje upande usio wa sura.

Zile ngazi zilizolika zisiguswe kama hazitegi watu. Weka reli ya kushikia ya pili, taa nzuri, ukanda wa rangi tofauti kwenye ukingo, inatosha.

Hatua ya 8: kuta na madirisha

Kosa linaloumiza kuta nyingi ni saruji. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa, laini, inapumua, unyevu unatoka kupitia kwenye maungio. Saruji ya Portland ilipewa hataza 1824 na ilichukua miongo kuenea, ni ngumu, ukiiweka kwenye maungio ya tofali laini maji yanakosa pa kutokea yanapitia kwenye tofali lenyewe, uso wa tofali unabanduka, baada ya miaka kadhaa unaona maungio yamesimama na matofali yamerudi ndani.

Angalia ungio moja tu kazi inavyofanyika. Fundi anakwangua mota mbovu, yani ule udongo wa kujengea ulio kati ya matofali, kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, grainda hapana, ikiteleza mara moja imekata kingo za tofali mbili na hilo kovu ni la kudumu. Anaingia kina cha mara mbili mpaka mbili na nusu ya upana, ungio la milimita 10 anachimba milimita 20 mpaka 25, anatoa vumbi lote, analowesha mpaka tofali liache kunyonya kwa pupa. Mota yake ni chokaa moja kwa mchanga kama tatu, mchanga uliolinganishwa rangi na punje na ule wa zamani, anakandamiza tabaka kwa tabaka. Ikianza kukaza anaigonga kwa brashi ngumu mpaka punje zijitokeze, afu anafunika kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, jua likiikausha haraka inakuwa unga. Ni kazi ya polepole, kwa hiyo dai kipande cha mfano cha mita moja ya mraba, kikubaliwe na kibaki hapo, kazi yote ilinganishwe nacho.

Kusafisha ni maji na brashi laini. Kupuliza mchanga kunatoa ngozi ngumu ya tofali iliyopatikana kwenye tanuru, na chini yake ni laini linanyonya kama sponji. Dawa za kuziba ukuta usipenye maji nazo achana nazo.

Madirisha ya mbao ya zamani yatengeneze. Mengi ni ya miti iliyokua taratibu, mbao nzito ambayo dukani huipati tena, na kilichooza mara nyingi ni ule ubao wa chini tu. Unakata, unaunga, unaweka putii mpya, ukitaka kuzuia joto, baridi au kelele unaongeza kioo cha pili upande wa ndani kwenye fremu inayotoka.

Hatua ya 9: hela, watu na ratiba ya masomo

Tenga dharura ya asilimia 15 mpaka 20, majengo mapya wanaishia pungufu ya hapo lakini hili lina siri. Mkandarasi achaguliwe kwa kazi za aina hii alizofanya, nenda kaziguse, na bei ya chini kabisa uiangalie kwa wasiwasi. Uliza waashi wa chokaa na maseremala watakuwa ni kina nani hasa, wengine wanaonyesha mafundi wazuri kwenye zabuni afu saiti wanakuja watu tofauti. Kama chuo kina kozi za ujenzi au historia, waingize wanafunzi kwenye upimaji na kumbukumbu, chini ya msimamizi.

Kazi za kelele ziende likizo, wiki za mitihani iwe rangi na umeme tu. Walimu wahamishwe mara moja, kuwahamisha chumba kwa chumba kunaonekana rahisi ila kunarefusha kazi na vumbi la kila siku linawachosha mpaka wanaanza kuuchukia mradi.

Hatua ya 10: makabidhiano

Siku mkandarasi anaondoka udai faili moja lenye michoro ya kilichofanyika kweli, picha za ndani ya kuta kabla hazijafungwa, mchanganyiko wa mota na rangi, majina ya wauzaji wa vioo na bawaba. Afu tengeneza kalenda ya matunzo: mifereji ya paa mara mbili kwa mwaka na baada ya kila dhoruba, darini kwa tochi kila msimu wa mvua, milango ya moto na alamu kila mwezi, madirisha kila baada ya miaka michache. Kazi hii iwe na mtu mmoja, jina lake liandikwe kwenye kalenda, apewe ufunguo wa darini na fungu dogo la bajeti ambalo haombi kibali kulitumia, ili kigae kimoja kikihama leo kesho kiwe kimerudishwa.